Kujisomea Kisanskriti ili Kusoma Maandiko ya Kihindu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kufungua Bhagavad Gita au Upanishadi, maandiko matakatifu ya Kihindu, na kuzisoma kwa lugha zilizotungiwa, yaani Kisanskriti, lugha ya kale ya India, akiwa nyumbani, bila darasa. Jibu linapotegemea jingine, tumekuelekeza huko.

## Kabla ya kuanza

Je, naweza kweli kujifunza Kisanskriti peke yangu, bila mwalimu?

Kwa kusoma, ndiyo. Kisanskriti cha vitabu ni lugha iliyotulia. Panini, mwanasarufi wa kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, aliieleza karibu na karne ya 5 au ya 4 KK kwa kanuni fupifupi zinazokaribia 4,000, na waandishi waliokuja baadaye walijipima kwa kanuni hizo. Ndiyo maana sarufi utakayojifunza leo itakufungulia kitabu cha karne ya 8 na cha karne ya 17 vilevile.

Kitabu hakiwezi kukupa sikio. Lugha hii ilirithishwa kwa mdomo karne nyingi kabla ya kuandikwa, na anayeisoma kimya huchelewa sana kuizoea. Sikiliza rekodi za Gita kila siku, hata kabla hujaelewa neno. Ukiwa Afrika Mashariki una bahati ya ziada: mahekalu ya mtaa wa Kisutu jijini Dar es Salaam na kumbi za Arya Samaj, harakati ya mageuzi ya Kihindu, Nairobi husomewa mantra (maneno matakatifu ya kukaririwa) za Kisanskriti mara kwa mara. Omba kwa adabu kuketi na kusikiliza.

Itanichukua muda gani?

Kwa makadirio yangu, anayetenga saa moja kila siku atamaliza hati, matamshi na nomino za kawaida katika miezi michache, na baada ya mwaka mmoja hivi ataweza kupita kwenye ubeti wa Gita akiwa na kamusi pembeni. Kusoma bila kamusi ni safari ya miaka. Nusu saa ya kila siku inashinda saa tano za Jumamosi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kumbukumbu.

Nianze na andiko lipi?

Anza na Bhagavad Gita, hata kama kilichokuvuta ni Veda, maandiko ya kale zaidi ya Kihindu. Gita ina sura 18 na beti 700, nayo imo ndani ya kitabu cha sita cha Mahabharata, shairi refu la kale la vita. Sentensi zake ni fupi, msamiati wake hujirudia, na hakuna andiko la Kisanskriti lililofafanuliwa neno kwa neno na watu wengi kuliko hili. Ukikwama kwenye neno, yuko aliyekwama hapo kabla yako akaacha maelezo.

Usilazimike kuanza na sura ya kwanza. Ina majina mengi ya wapiganaji na ya baragumu zao za kombe, na wengi huchoka hapo. Mimi humshauri mtu asome ubeti wa kwanza, kisha aruke hadi sura ya 2 kuanzia ubeti wa 11, pale mungu Krishna anapoanza kumfundisha Arjuna, shujaa wa vita. Sura ya 12 na ya 15 nazo ni nzuri kwa anayeanza: kila moja ina beti 20 tu.

Baada ya Gita, njia inagawanyika. Anayependa hadithi aingie Ramayana ya Valmiki, shairi refu la hadithi ya Rama, ambayo ina beti karibu 24,000 na Kisanskriti chepesi kinachotiririka. Anayetafuta falsafa aende kwenye Upanishadi zilizo katika ushairi: Isha, yenye beti 18 tu, kisha Katha, ambamo kijana Nachiketas anamhoji Yama, mungu wa mauti. Upanishadi kubwa za nathari kama Brihadaranyaka na Chandogya zisubiri kidogo. Kuhusu Rigveda, Veda ya kale kuliko zote, tazama sehemu ya mwisho.

Mimi si Mhindu. Naruhusiwa kusoma maandiko haya?

Ndiyo, na hutakuwa wa kwanza. Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu wa karne ya 11, alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akatafsiri mafunzo ya yoga ya Patanjali kwa Kiarabu na kuandika kitabu kikubwa kuhusu India. Mwaka 1657 mwanamfalme Dara Shikoh wa dola ya Mughal alikamilisha tafsiri ya Upanishadi 50 kwa Kiajemi, akisaidiwa na wanazuoni wa Kihindu. Hakuna kati yao aliyeacha Uislamu kwa kufanya hivyo.

Ni kweli pia kwamba desturi ya zamani iliwazuia wanawake na watu wa tabaka la chini la Shudra kusoma Veda. Mashairi makuu, ambamo Gita imo, hayakuwekewa mpaka huo. Karne ya 19 Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mwaka 1875, alisisitiza kwamba Veda ni za kila mtu. Bado yapo mazingira ambamo ukariri wa Veda hutunzwa na watu maalumu, na mgeni anapaswa kuuheshimu utaratibu wa mahali alipo.

Najua Kigujarati au Kihindi. Kitanisaidia?

Sana kwenye msamiati, na hati ya Kigujarati, isiyo na mstari wa juu, ni ndugu wa Devanagari, hati inayotumika sana kuandikia Kisanskriti. Lakini jihadhari na mazoea ya kumeza *a* ya mwisho. Anayesema *Ram* na *yog* mtaani lazima aseme *rāma* na *yoga* kamili anaposoma Kisanskriti, la sivyo mizani itavunjika. Asiyejua lugha yoyote ya India asivunjike moyo, maana sarufi yenyewe ni mpya kwa wote wawili.

## Hati na matamshi

Je, ni lazima nijue Devanagari?

Siku ya kwanza, hapana. Mwaka wa kwanza ukiisha, ndiyo. Kisanskriti hakina hati moja ya asili: kwa karne nyingi kimeandikwa kwa Grantha, Sharada, Kibengali, Kitelugu na nyingine, kila eneo kwa hati yake. Hivyo kusoma kwa herufi za Kilatini zenye alama si dhambi, na wataalamu wengi hufanya hivyo. Ila matoleo ya bei nafuu na fafanuzi nyingi zimechapishwa kwa Devanagari, na usipoijua utakuwa unasubiri mtu akuandikie upya.

Konsonanti ni 33, na kila moja imebeba *a* ndani yake mpaka alama iseme vinginevyo. Zimepangwa kwa kufuata mdomo: kwanza za kooni, kisha za kaakaa, za ulimi uliopindwa, za meno, na mwisho za midomo. Jifunze kwa mpangilio huo huo, kwa sababu ndio mpangilio wa kamusi.

Nikisoma maandishi ya Kilatini watu hawanielewi. Nakosea wapi?

Yamkini unazisoma herufi hizo kama za Kiswahili. Huu ndio mtego mkubwa wa msomaji wetu, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza havikuonyi. Katika maandishi ya Kisanskriti, *th* si ile ya "thelathini": ni *t* inayofuatwa na pumzi, kama katika *artha*. *Dh* ya *dharma* si ile ya "dhahabu", bali ni *d* yenye pumzi. *Kh* si ya "kheri", *gh* si ya "ghali", na *ph* ya *phala* si *f*. Herufi *c* husomwa kama *ch* ya "chai", na *ch* ni sauti hiyo hiyo ikiongezwa pumzi.

Anayezungumza Kimvita ana faida hapa. Mombasa watu hutofautisha *paa* la nyumba na *p'aa* mnyama, *taa* ya kuwasha na *t'aa* samaki, kwa mpumuo tu. Mpumuo huo ndio unaohitajika kwenye *ph* na *th*. Kazi mpya ni kuutia pia kwenye *b*, *d* na *g*.

Sauti nyingine ngumu ni zipi?

Urefu wa irabu kwanza. *Ā* ina urefu maradufu ya *a*, na tofauti hiyo hubadili maana na mizani. Kisha zile zenye nukta chini, *ṭ ḍ ṇ*, ambazo ncha ya ulimi hukunjwa kuelekea nyuma ya kaakaa. Mwisho ni konsonanti zilizorundikana, kama *kṣetra* na *jñāna*. Mswahili huvutika kuchomeka irabu katikati. Ukiona umeongeza silabi, rudia polepole.

## Sarufi

Mbona maneno ninayoyaona kitabuni hayapo kwenye kamusi?

Kuna sababu mbili, na zote mbili zinafunzika.

Ya kwanza ni *sandhi*, yaani sauti kubadilika zinapokutana. Mswahili anaifanya kila siku bila kuiita jina. *Ma-* na *-ino* huwa "meno", *wa-* na *-ingi* huwa "wengi": *a* na *i* zimezaa *e*. Kisanskriti hufanya hivyo hivyo, *deva* na *indra* kuwa *devendra*. Sisi tunasema "vyangu" kwa *vi-angu* na "mwalimu" kwa *mu-alimu*. Wao wanasema *ityapi* kwa *iti api* na *svāgata* kwa *su-āgata*. Tofauti ni kwamba kwetu jambo hili hutokea zaidi ndani ya neno, na kwao huvuka mpaka wa neno na neno, likahusu pia konsonanti. Mstari mzima unaweza kuandikwa kama neno moja. Jifunze kanuni za irabu kwanza, kisha zile za *ḥ* na *m* za mwisho wa neno. Nyingine utazikuta njiani.

Sababu ya pili ni kwamba kamusi huorodhesha shina au mzizi. *Rājā*, mfalme, yuko chini ya *rājan*. *Gacchati*, anakwenda, yuko chini ya mzizi *gam*. *Tiṣṭhati*, anasimama, chini ya *sthā*. *Paśyati*, anaona, chini ya *dṛś*. Vitenzi vyenye kiambishi cha mwanzo vinahitaji uangalifu zaidi: kamusi ya Monier-Williams huviweka kwa herufi ya kiambishi, ilhali ya Apte huvikusanya chini ya mzizi.

Uhusika wa nomino una maumbo manane. Niyakariri yote?

Ndiyo. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Nomino hubadilika kwa uhusika nane, yaani kazi yake katika sentensi, na idadi tatu: umoja, uwili na wingi. Hiyo ni nafasi 24 kwa kila nomino, ingawa maumbo kadhaa hufanana. *Rāmaḥ* ni Rama mtendaji, *rāmam* mtendwa, *rāmeṇa* kwa njia ya Rama, *rāmāya* kwa ajili yake, *rāmāt* kutoka kwake, *rāmasya* -a Rama, *rāme* kwake, na *rāma* ni kumwita. Yaseme kwa sauti kwa mahadhi, kama watoto wa India wanavyofanya. Ukishashika *rāma*, *phala*, *sītā* au *latā*, na *agni*, nomino nyingi za Gita zitakuwa mkononi.

Upatanisho hautakutisha. Mtu aliyekua akisema "kitabu kizuri kimeanguka, vitabu vizuri vimeanguka" anaelewa tayari kwa nini kivumishi lazima kifuate nomino yake. Hapa kinaifuata kwa jinsia, idadi na uhusika, tena mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. Upatanisho huo ndio unaomruhusu mshairi kumtenga kivumishi na nomino yake kwa maneno matano bila msomaji kupotea.

Na vitenzi je?

Nafsi imo ndani ya kitenzi, kama kwetu: *gacchāmi* ninakwenda, *gacchasi* unakwenda, *gacchati* anakwenda. Mizizi imegawanywa katika makundi kumi. Anza na wakati uliopo, amri na wakati uliopita wa kawaida wa makundi ya 1, 4, 6 na 10, ambayo ni mepesi. Vitenzi-jina na vivumishi vinavyotokana na vitenzi vipewe muda mwingi kuliko vitabu vingi vinavyoshauri, kwa sababu maandiko yanavitumia mno mahali ambapo sisi tungetumia kitenzi kamili.

Maneno marefu ya kuunganishwa nayasomaje?

Anzia mwisho. Sisi husema "uwanja wa dharma", kilicho kikuu kwanza. Kisanskriti husema *dharmakṣetra*, kikuu mwisho. Ukikuta neno la sehemu tano, shika ya mwisho, uliza "-a nini?" na urudi nyuma. Angalia pia kama neno zima linamwelezea mtu mwingine: *pītāmbara* ni "njano" na "vazi", lakini maana yake ni yule mwenye vazi la njano, yaani Vishnu au Krishna.

## Kusoma ubeti

Nionyeshe namna ya kusoma ubeti mmoja, hatua kwa hatua.

Tuchukue nusu ya ubeti maarufu wa Gita, 2.47 (sura ya 2, ubeti wa 47): *karmaṇy evādhikāras te mā phaleṣu kadācana*.

Kwanza usome kwa sauti mara kadhaa. Kisha utenganishe: *karmaṇi eva adhikāraḥ te mā phaleṣu kadācana*. *I* kabla ya *e* imegeuka *y*. *A* mbili zimekuwa *ā*. *Ḥ* kabla ya *t* imekuwa *s*.

Sasa taja kila umbo kabla ya kuuliza maana. *Karmaṇi* ni uhusika wa mahali, umoja, wa *karman*, tendo. *Eva* husisitiza: tu, hasa. *Adhikāraḥ* ni mtendaji, umoja: haki, mamlaka. *Te* ni -ako. *Mā* hukataza. *Phaleṣu* ni mahali tena, wingi, wa *phala*, tunda. *Kadācana* ni kamwe. Kitenzi "ni" hakikutajwa, kama ilivyo kawaida. Kiswahili kina *-ni* ya mahali, kwa hiyo unaweza kuukaribia muundo wenyewe: haki yako iko tendoni tu, kamwe si matundani.

Nusu ya pili, *mā karmaphalahetur bhūr mā te saṅgo 'stv akarmaṇi*, ifanye mwenyewe. Kidokezo: alama ya ' ni *a* iliyomezwa, na *'stv* ni *astu*, "na iwe".

Mizani ina umuhimu gani?

Ni msaada mkubwa, na mpenzi wa tenzi atajiona nyumbani. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane, jumla 32. *Śloka*, bahari ya sehemu kubwa ya Gita, ina vipande vinne vya silabi nane, jumla 32. Ila hakuna vina. Kinachotawala ni uzito wa silabi: nzito ni yenye irabu ndefu au irabu inayofuatwa na konsonanti mbili au zaidi, na nyingine ni nyepesi. Kwa kawaida silabi ya tano ya kipande ni nyepesi, ya sita ni nzito, na ya saba ni nzito kwenye kipande cha kwanza na cha tatu, nyepesi kwenye cha pili na cha nne. Pima *mā phaleṣu kadācana* uone: *ka* nyepesi, *dā* nzito, *ca* nyepesi. Silabi zisipofika nane, umekosea kutamka au umetenganisha vibaya.

Beti kadhaa, kama 2.22 unaofananisha mwili na nguo iliyochakaa, zina silabi 11 kwa kipande. Bahari hubadilika hivyo pia kwa sehemu kubwa ya sura ya 11, Krishna anapojidhihirisha.

Ninunue vitabu gani?

Kitabu kimoja cha kufundishia, na ukimalize. Kile cha A. M. Ruppel, kilichotolewa Cambridge mwaka 2017, kina maelezo wazi. Cha Michael Coulson cha mwaka 1976 ni kikali lakini kinafikisha mbali. Cha Thomas Egenes kinakwenda polepole na kinamfaa aliyesahau sarufi ya shule. Vyote ni vya Kiingereza. Kwa Gita, toleo la Winthrop Sargeant linachambua kila neno na umbo lake. Gita Press ya Gorakhpur, iliyoanza mwaka 1923, huchapa matoleo ya bei ndogo sana.

Kamusi ya Monier-Williams ya mwaka 1899 inapatikana bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Cologne, pamoja na ya Apte. Tovuti ya Gérard Huet wa INRIA, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa, hutenganisha sandhi na kuonyesha kila uwezekano.

Je, nitegemee programu za kutafsiri?

Usizitegemee. Google Translate iliongeza Kisanskriti mwaka 2022, na programu za akili bandia huweza kuchambua ubeti kwa lugha tamu, lakini huweza pia kubuni umbo lisilokuwepo kwa ujasiri ule ule. Jaribu mwenyewe kwanza, kisha linganisha, na kila umbo ulithibitishe kwa jedwali na kamusi.

Nijifunze pia kuongea?

Si lazima, lakini inasaidia kumbukumbu. Samskrita Bharati, harakati iliyoanza Bangalore mwaka 1981, hufundisha mazungumzo kuanzia kikao cha kwanza. Katika sensa ya India ya mwaka 2011, watu 24,821 walitaja Kisanskriti kuwa lugha yao ya mama.

## Mambo yanayowakwamisha waliokwisha kusonga

Namba za beti hazilingani kati ya matoleo mawili. Lipi ni sahihi?

Yote mawili. Tatizo huwa sura ya 13: matoleo mengine huianza kwa swali la Arjuna, mengine hayana ubeti huo. Jumla huwa 701 au 700, na namba za sura hiyo husogea kwa moja.

Nimekuta umbo linalovunja kanuni. Nimekosea?

Pengine hukukosea. Kisanskriti cha mashairi makuu hakimfuati Panini kila mahali. Katika 11.41 kuna *sakheti*, ilhali kwa kanuni *sakhe iti* ingekuwa *sakha iti*. Wafafanuzi huyaita maumbo hayo *ārṣa*, ya wahenga watakatifu. Kabla ya kumpa mshairi ruhusa hiyo, hata hivyo, pitia tena sandhi yako.

Lini niingie kwenye Rigveda?

Baada ya kusoma Gita yote na Upanishadi mbili tatu. Rigveda ina nyimbo 1,028 katika vitabu kumi, na lugha yake ni ya kale kuliko ile aliyoiweka Panini kuwa kipimo: ina maumbo ya kitenzi yaliyotoweka baadaye na kiimbo kinachoandikwa kwa mistari juu na chini ya silabi. Utahitaji sarufi yake maalumu. Na kama nia yako ni kukariri kwa kiimbo sahihi, hapo jibu la swali la kwanza linabadilika: tafuta mwalimu wa kukusikiliza.

Nikishajua lugha, nitaelewa maandiko bila wafafanuzi?

Utaelewa sentensi. Lakini chukua kauli ya Chandogya 6.8.7, *sa ātmā tat tvam asi*. Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, anasoma *tat tvam asi*: wewe ndiye huyo. Madhva, mwanafalsafa wa karne ya 13, anasema sandhi imeficha *a*, na ya kutenganishwa ni *ātmā atat*: wewe si huyo. Sauti ni zile zile, na sarufi inaruhusu yote mawili. Mmoja ameona umoja wa nafsi na Mungu, mwingine tofauti isiyofutika. Kamusi haitakuamulia hapo. Itabidi usome hoja zao.

Anza na ufafanuzi wa Shankara kwenye Gita, ambao hufafanua beti kwa mfululizo kuanzia sura ya 2. Nathari yake ni safi: hurudia neno la ubeti, hutoa kisawe, huleta pingamizi la mpinzani na kulijibu. Tovuti ya Gita ya IIT Kanpur, taasisi ya teknolojia ya India, inauweka bure pamoja na wa Ramanuja, mfafanuzi mwingine mkubwa, na wa Madhva. Soma ubeti mwenyewe, andika tafsiri yako, kisha ndipo ufungue wao.